Mwili mrefu ndani ya gari fupi: vipimo vya gari la michezo linaloundwa nyumbani

Wako Waingereza ambao gari la michezo hawalinunui, hulichomelea wenyewe. Hutwaa vyuma vya mraba vya inchi moja, mashine ya kuchomelea na gari kuukuu la kuvuliwa vipuri. Baada ya jioni nyingi na Jumamosi nyingi katika banda la nyuma ya nyumba, hutoka na gari la viti viwili, lisilo na paa wala milango ya kweli, lenye uzito unaozidi kidogo nusu tani. Baadhi yao hugundua jambo moja wakati rangi imekwisha kukauka: gari walilolihangaikia hawaenei ndani yake.

Kwa mtu wa kimo cha sm 170 hilo hutokea kwa nadra. Kwa mwenye sm 195 ni jambo la kutarajiwa, wala si suala la starehe peke yake. Kichwa kinachopita juu ya upinde wa kinga hakina kinga siku gari linapopinduka. Goti linalogota usukani humzuia dereva kukata kona. Kiatu kipana katika nafasi nyembamba huweza kukanyaga breki na eksileta kwa pamoja, na katika gari jepesi lenye injini yenye nguvu, kosa hilo halisubiri kusahihishwa.

Ukoo wa gari hili

Mwaka 1957 Colin Chapman, mhandisi aliyeanzisha kampuni ya Lotus, alitoa gari lililoitwa Lotus Seven: fremu ya vyuma vyembamba, ngozi ya bati la aluminiamu, injini mbele, magurudumu ya nyuma yakisukuma, basi. Chapman aliuona uzito kuwa adui. Kila kilichoweza kupunguzwa kilipunguzwa, nafasi ya dereva ikiwemo. Gari hilo liliuzwa pia likiwa vipande, kwa sababu sheria ya kodi ya Uingereza ya wakati ule ilisamehe magari yaliyounganishwa na mnunuzi mwenyewe. Husimuliwa kwamba kwa kuwa sheria haikuruhusu vipande hivyo viambatane na maelekezo ya kuunganisha, wanunuzi walipewa maelekezo ya kulifungua gari, nao wakayasoma kutoka mwisho kwenda mwanzo.

Uingereza ilipoingiza kodi ya ongezeko la thamani mwaka 1973, mwanya huo uliziba. Mwaka huohuo haki za kulitengeneza Seven zikahamia kwa kampuni ya Caterham. Barani Afrika, kampuni ya Birkin ya eneo la Durban, Afrika Kusini, ilianza kutengeneza gari la umbo hilohilo katika miaka ya 1980.

Aliyelifikisha umbo hilo kwa watu wa kipato cha kawaida ni Mwingereza Ron Champion. Mwaka 1996 shirika la uchapishaji la Haynes lilitoa kitabu chake kilichoahidi kwamba mtu aweza kujiundia gari la michezo kwa pauni 250, kwa kutumia injini, gia na ekseli za Ford Escort iliyochakaa. Magari yaliyotokana na kitabu hicho yakaitwa Locost. Wasomaji walikata vyuma kwa vipimo vya kitabu, milimita kwa milimita, na hapo ndipo watu warefu walipoanza kupata taabu, kwa kuwa kitabu hakikuwapima wao.

Kimo si kipimo

Swali ambalo mjenzi mrefu huuliza kwanza ni kama mtu wa sm 195 ataenea. Swali hilo halina jibu. Watu wawili wa kimo kimoja huweza kutofautiana sana wanapokaa. Mmoja ana kiwiliwili kirefu na miguu ya wastani. Mwingine ana miguu ya korongo, na akikaa mezani hakuna atakayemdhania kuwa mrefu. Wa kwanza atagonga upinde wa kinga, wa pili atagonga usukani. Dawa za maradhi hayo mawili si moja, na mara nyingi dawa ya moja ndiyo sumu ya jingine.

Tarakimu za kuanzia zinapatikana mahali ambapo wajenzi wengi wa nyumbani hawaendi kuzitafuta. Katika mashindano ya Formula SAE, yaliyoanza nchini Marekani mwaka 1981, na katika Formula Student yaliyofuata nchini Uingereza mwaka 1998, wanafunzi wa vyuo vikuu huunda gari dogo la mbio la kiti kimoja. Kanuni zao zinataka kila gari liweze kumchukua sanamu wa ubao anayeitwa Percy, mfano wa mwanamume anayewazidi ukubwa wenzake 95 katika kila 100. Percy ni miduara mitatu tu. Wa chini, wenye kipenyo cha milimita 200, ni nyonga na makalio. Wa kati, wenye milimita 200 vilevile, ni mabega. Wa juu, wenye milimita 300, ni kichwa kilichovaa helmeti. Kati ya kitovu cha nyonga na kitovu cha mabega pana milimita 490, na kutoka hapo hadi kitovu cha kichwa milimita 280. Kutoka nyonga hadi uso wa kanyagio, kanuni zinataka pasipungue milimita 915.

Mtu yeyote mwenye msumeno na kipande cha plaiwudi aweza kumtengeneza Percy kwa alasiri moja, kisha akamrefusha kwa vipimo vya mwili wake mwenyewe. Ukijumlisha, Percy aliyekaa wima kabisa anahitaji sm 102 kutoka kwenye kiti hadi juu ya helmeti. Gari maarufu la mbio la Ford GT40 lilipewa jina hilo kwa sababu lilikuwa na kimo cha inchi 40 kutoka barabarani hadi paani, yaani sm 102 kasoro kidogo. Hakuna mtu aliyekaa wima ndani yake.

Deni kati ya kichwa na magoti

Suluhisho la kwanza la kila mtu ni kulaza mgongo wa kiti, na hesabu inaonyesha kwa nini. Percy akiwa amelala digrii 20 kutoka wima, kimo chake kitini ni kama sm 97. Akilazwa hadi digrii 30, kinashuka hadi karibu sm 92. Zimeokolewa sentimita tano na ushei bila kugusa chuma chochote.

Lakini mgongo unaolala unahitaji mahali pa kulala. Katika gari la aina ya Seven, nyuma ya mabega upo ukuta, na nyuma ya ukuta lipo tangi la mafuta na ekseli. Mabega hayawezi kurudi nyuma, kwa hiyo nyonga ndizo zinazosogea mbele. Katika badiliko lile la digrii 10, nyonga za Percy husogea mbele karibu sm 8, na sentimita hizo zinatoka kwenye nafasi ya miguu.

Mfano utaonyesha gharama yake. Chukua mtu ambaye paja lake lina sm 48, na mguu wake kuanzia goti hadi kisigino una sm 48 pia. Kanyagio zikiwa sm 91.5 kutoka nyonga, goti lake litainuka sm 14 au 15 juu ya mstari unaounganisha nyonga na kisigino. Msogeze mbele sm 8, goti litapanda hadi karibu sm 24. Sentimita tano zilizookolewa kichwani zimelipwa kwa sentimita tisa za goti, na goti hilo sasa liko pale mduara wa usukani unapopita.

Basi kiti hakilazwi kabla ya kanyagio kusogezwa. Mwenye miguu mirefu na kiwiliwili cha wastani akae wima zaidi na kulipa deni lake mbele, kwenye kanyagio. Mwenye kiwiliwili kirefu alipe chini, kwenye sakafu. Aliyejaliwa vyote viwili hana budi kuirefusha fremu, na ni heri akubali mapema.

Chini ya makalio

Nafasi ya bei rahisi kuliko zote hupatikana chini ya dereva. Reli za kusogezea kiti zikiondolewa na kiti kikafungwa moja kwa moja sakafuni, hupatikana sentimita kadhaa. Mto mnene nao unaweza kwenda. Wajenzi wengi hujitengenezea kiti kwa povu la kemikali mbili: dereva huketi juu ya mfuko mkubwa wa plastiki, kemikali huchanganywa na kumiminwa ndani ya mfuko, nalo povu huumuka na kuganda kwa umbo la mgongo na mapaja yake. Kemikali hizo hutoa joto na mvuke mbaya, kwa hiyo kazi hufanywa mahali penye hewa, dereva akiwa amevaa nguo nzito za zamani. Kiti cha namna hiyo huwa chembamba mno chini ya makalio, lakini hakichoshi, kwa sababu uzito wa mwili umesambazwa kila mahali.

Hatua inayofuata ni kuishusha sakafu yenyewe: bati la chini hukatwa na mahali pake huwekwa trei inayoning'inia chini ya vyuma vya fremu. Caterham huuza sakafu ya namna hiyo kwa wateja warefu. Bei yake hulipwa barabarani. Gari hili tayari limeinama chini sana, na sehemu inayotangulia kugusa tuta huwa ni beseni la oili chini ya injini. Trei ikishuka kupita beseni hilo, makalio ya dereva ndiyo yatakayotangulia. Kwa barabara za Uingereza jambo hilo huvumilika. Katika miji ya Afrika Mashariki, ambako matuta hujengwa kwa nia ya kusimamisha lori, halivumiliki.

Miguu na mikono

Sehemu ya miguu ndiyo inayosahaulika kuliko zote, kwa kuwa haionekani mtu akisimama kando ya gari. Kwa magari ya Uingereza, na vilevile ya Kenya, Tanzania na Uganda, dereva huketi kulia, hivyo mguu wa klachi ndio unaobanana na handaki la katikati lenye gia boksi. Kwa wasomaji wa Rwanda, Burundi na Kongo, ambako dereva huketi kushoto, mguu unaobanwa na handaki ni wa kulia, ule wa eksileta na breki, jambo ambalo ni baya zaidi.

Mtu mrefu kwa kawaida ana kiatu kirefu na kipana. Wengi huishia kuendesha kwa viatu vyembamba vya madereva wa mbio, ambavyo havina ukingo wa soli unaotokeza. Hiyo ni nafuu tu, tiba iko kwenye chuma: kanyagio zikatwe na kusogezwa mbele ndani ya fremu, zipangwe upya ili kati ya breki na eksileta iwepo nafasi inayopimwa kwa kiatu halisi, na mguu wa kushoto upate mahali pa kupumzika nje ya klachi. Pasipo mahali hapo, dereva huendesha safari nzima mguu ukiwa umening'inia, au huuegemeza juu ya klachi na kuimaliza kabla ya wakati wake.

Usukani mdogo wa kipenyo huongeza nafasi ya magoti, lakini hufanya gari kuwa zito kulikata. Usukani unaochomoka kwa kitasa hurahisisha kuingia na kutoka tu. Ukirudishwa mahali pake, goti bado liko palepale. Linalosaidia kweli ni kuuinua mhimili wa usukani na kubadili pembe yake. Hapa kuna kishawishi cha kuogopwa. Juu ya magoti, chini ya dashibodi, hupita chuma kinachounganisha pande mbili za fremu. Mjenzi aliyechoka, anayegonga goti hapo kila akiingia, hushika msumeno. Chuma hicho hakipo kwa ajili ya kushikilia dashibodi pekee. Ni sehemu ya kiunzi kinachozuia fremu isijipinde, na mhimili wa usukani wenyewe umeegemea hapo. Kikiondolewa, ni lazima nguvu zake zipitishwe kwingine kwa vyuma vilivyobuniwa na mtu anayejua hesabu zake.

Kioo cha mbele nacho kina visa vyake. Ukingo wake wa juu huangukia usawa wa macho ya dereva mrefu, kiasi kwamba barabara hugawanyika vipande viwili. Baadhi huondoa kioo kizima na kuweka kigao kifupi cha kupangua upepo, kisha huendesha wakiwa na helmeti au miwani ya kufunika macho.

Upinde wa kinga na mikanda

Mengine yote yakishindikana, dereva ataumia magoti. Hili likishindikana, atakufa. Upinde wa kinga ni bomba nene lililokunjwa nyuma ya kichwa, nalo ndilo paa pekee la gari hili. Kanuni za mbio za klabu ya SCCA ya Marekani zinautaka upite juu ya helmeti kwa inchi 2, yaani sm 5, dereva akiwa ameketi mahali pake. Formula SAE wanataka umbali kama huo kati ya helmeti na mstari ulionyooka unaoanzia kilele cha upinde wa nyuma hadi kilele cha upinde wa mbele. Kipimo cha pili ndicho cha kweli zaidi, kwa sababu gari lililopinduka huegemea ncha zake mbili, na kichwa kinapaswa kuwa ndani ya nafasi inayobaki katikati.

Kupima ni rahisi: ubao mrefu ulionyooka, mtu wa pili, na dereva aliyevaa helmeti na kufunga mikanda. Upinde uliokuja na vipande vya kununua haujui kimo cha mnunuzi. Kuongeza kipande cha bomba juu yake kwa kuchomelea si jibu, kwa maana kiungo kipya huwekwa palepale penye kupigwa. Upinde mrefu hutengenezwa mzima, kwa bomba moja, pamoja na mihimili yake ya nyuma.

Mikanda ya mabega huleta hatari isiyoonekana. Katika gari lililopimwa kwa mtu wa kawaida, mahali pa kuifungia nyuma ni karibu na usawa wa mabega. Mwenye kiwiliwili kirefu, mabega yake yako juu zaidi, basi mikanda hushuka kwa mteremko mkali nyuma yake. Gari likigonga kitu, mikanda hiyo huyavuta mabega chini na kuubana uti wa mgongo. Kanuni za FIA zinakataza mteremko unaozidi digrii 45 na kushauri usizidi 10. Ikiwa sakafu imeshushwa au kiti kimelazwa, pembe hiyo hupimwa upya.

Nchini Uingereza gari lililoundwa nyumbani haliingii barabarani bila ukaguzi wa gari mojamoja, ambao tangu mwaka 2009 unafanywa kwa utaratibu unaoitwa IVA. Kabla yake, kuanzia 1998, ulikuwapo ule wa SVA. Mkaguzi hutazama nanga za mikanda, mhimili wa usukani na kila ukingo mkali unaoweza kumkata mtu. Ukaguzi huo hufanyika mara moja. Anayekata na kuchomelea baada ya kupita, akitafuta nafasi ya magoti, amebaki na cheti cha gari ambalo halipo tena.

Nundu ya Gurney

Tatizo hili halikuanzia mabandani. Mmarekani Dan Gurney, aliyekuwa na kimo cha karibu sm 193, aliandaliwa gari la Ford Mk IV, mrithi wa GT40, kwa mbio za saa 24 za Le Mans za mwaka 1967. Akiwa na helmeti, kichwa chake kiligota paa. Mafundi walikata paa juu ya kichwa chake na kuotesha nundu, ambayo hadi leo wapenzi wa magari huiita nundu ya Gurney. Yeye na mwenzake A.J. Foyt walishinda, wakiwa wamekwenda kilomita 5,232 kwa wastani wa kilomita 218 kwa saa. Nundu moja pembeni mwa paa haikulizuia gari hilo kitu. Wiki moja baadaye Gurney alishinda mashindano ya Formula 1 ya Ubelgiji akiendesha gari la Eagle, lililoundwa na kampuni yake mwenyewe.

Mwingereza Justin Wilson, mwenye kimo kama hicho, hakuwa na bahati ya namna hiyo alipoingia Formula 1 mwaka 2003 na timu ndogo ya Minardi, ambayo ililazimika kulirekebisha gari ili aweze kuingia. Katika mashindano ya Malaysia kifaa cha kulinda shingo kilihama mahali pake, mikono yake ikafa ganzi, akalazimika kuacha mbio.

Fremu ndefu

Kwa anayeanza upya, kuirefusha fremu kwenye karatasi hakugharimu chochote zaidi ya vyuma vichache. Caterham yenyewe ilikubali mwaka 2000, ilipotoa fremu ya SV iliyopanuliwa kwa zaidi ya sm 10 na kurefushwa, sambamba na ile nyembamba ya asili. Miongoni mwa wajenzi wa Locost wa Marekani ilienea michoro iliyoongezwa inchi 4 kwa upana, inchi 4 kwa urefu na inchi 2 kwa kimo. Uzito huongezeka kidogo, na vipande vya bodi vya kununuliwa, hasa pua na boneti, huenda visikae sawa bila kurekebishwa.

Kabla ya kukata chuma, mjenzi mwenye busara huunda chumba cha dereva kwa mbao na kadibodi, chenye ukubwa halisi, na kuketi humo akiwa na viatu na helmeti. Dakika mbili hazitoshi. Nusu saa ndiyo inayofichua goti linaloanza kuuma na mgongo unaoteleza. Mwenzake husimama kando na kalamu, akiweka alama kwenye mbao: nyonga hapa, kisigino hapa, goti likikunjwa linafika hapa. Alama hizo ndizo zinazohamishiwa kwenye mchoro.

Linabaki suala la mke, au ndugu, au mnunuzi wa baadaye. Gari lililofungwa kwa mtu wa sm 198, kiti kikiwa hakisogei, haliendesheki na mtu wa sm 165, ambaye kanyagio hazifikii na barabara haioni. Wengi hutunza mfuko wa pili wa povu, mnene zaidi, unaowekwa juu ya wa kwanza, pamoja na vibao vya kufungwa juu ya kanyagio kwa boliti. Vibao hivyo hufungwa kwa nati zisizolegea, na hukaguliwa kila mara vinapowekwa, kwa kuwa kibao kikidondoka huangukia chini ya kanyagio la breki.